Fimbo ya lakrosi iliyotumika: mpini safi, muuzaji wa hovyo

Anayeuza kifaa cha michezo kilichokwisha kutumika ana wajibu mmoja usio na mjadala, nao ni kumwonyesha mnunuzi kile hasa anachokinunua. Muuzaji aliyeniuzia miezi kadhaa iliyopita fimbo ya lakrosi, mchezo wa timu ambao mpira hubebwa na kurushwa kwa fimbo yenye wavu, hakufanya hivyo, na nilipomuuliza alinijibu kwa dharau ambayo mpaka leo hainitoki kooni.

Picha zote alizonitumia zilipigwa kwa upande. Ukiitazama fimbo kwa upande unaona wavu, unaona ukuta wa kichwa, yaani ukingo wa plastiki wa pembeni unaoshika wavu, unaona na mikwaruzo, lakini upana wa kichwa hauuoni hata kidogo. Nilimwomba picha ya mbele, akasema kwamba mwanga haukuwa mzuri. Shingoni, pale kichwa kinapokutana na mpini, alikuwa amezungusha utepe mweusi nadhifu kabisa, na kwa kuwa wachezaji wengi huzungushia fimbo zao utepe ili zisiteleze mkononi, haukuwa na lolote la kutiliwa shaka.

Fimbo ilipofika niliweka mpira ndani ya wavu, nikaigeuza kichwa chini. Mpira haukudondoka. Nikaitikisa, ukabaki palepale, umebanwa na kuta mbili ambazo zilipaswa kuuachia bila kulazimishwa. Mpira wa lakrosi una kipenyo cha sentimita 6 na kitu, na kwa kanuni za vyuo vya Marekani kichwa cha fimbo ya wanaume kinatakiwa kiwe na upana usiopungua inchi 6, kama sentimita 15, kwenye sehemu yake pana kuliko zote. Hiki changu hakikufika. Si uchakavu wa kawaida huu, ingawa ni kweli kwamba vichwa hujibana vyenyewe kidogo kidogo vikitumika muda mrefu. Kuna wachezaji wanaokipasha moto kichwa cha plastiki, wakakiminya na kukiacha kipoe kikiwa chembamba, ili mpira usiwatoke wanapopigwa fimbo na mpinzani. Mwamuzi akiikagua fimbo ya namna hiyo katikati ya mechi, mwenye nayo anatolewa nje na wenzake wanacheza pungufu. Fimbo za mbao za hikori, ambazo Wahaudenosaunee, wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini ambao mchezo huu ulianzia kwao, wanazichonga hadi leo, nazo hukunjwa kwa mvuke, lakini fundi wa mbao hukunja ili apate umbo la haki, hakunji ili aibe.

Nikabandua ule utepe. Chini yake plastiki ilikuwa imegeuka nyeupe kuzunguka tundu la skrubu, na kutoka tunduni hapo ulipanda ufa mwembamba kama unywele mpaka karibu nusu ya ukuta wa kushoto. Gundi ya utepe ilikuwa bado mbichi.

Nilimpigia simu kwa adabu zote. Nikamwambia, "Ndugu, kichwa hiki kimebanwa na kina ufa." Akanijibu, "Kijana, hiyo ndiyo sifa yake, mpira ukiingia humo hautoki. Kama mchezo huujui, katafute fimbo za watoto." Kisha akakata simu. Kuhusu ufa hakusema neno.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniudhi zaidi, nalo ni kwamba mpini wake ni mzuri sana. Niliubiringisha juu ya meza ukaenda sawasawa bila kuruka. Hauna mahali ulipobonyea, kifuniko cha mwisho kipo, na fimbo nzima ina urefu wa inchi 40 na ushee, wakati fimbo fupi huruhusiwa kuwa kati ya 40 na 42. Aliyeukata alijua kupima. Kwa bahati nzuri, vichwa vya kampuni nyingi huingia kwenye mipini ya kampuni nyingine, kwa hiyo nilinunua kichwa kipya kisicho na wavu, nikaufungua wavu wa zamani uliokwisha kulainika, nikausuka upya kwa kuangalia kina chake, maana mpira ukikaa chini kuliko ukingo wa chini wa ukuta, hilo nalo ni kosa. Tangu hapo mpira unatoka laini, unakwenda ninakotaka, na sijawahi kushika fimbo inayonitii namna hii.

Je, niseme nilipata hasara? Ukijumlisha bei ya fimbo na ya kichwa, bado ni nafuu kuliko fimbo mpya yenye mpini wa kiwango hiki, kwa hiyo siwezi kumkataza mtu asinunue iliyotumika, mradi apewe picha ya mbele na utepe ubanduliwe kabla fedha haijatoka mfukoni. Nilikuwa nimepanga kumpa muuzaji huyu nyota mbili, zote kwa ajili ya mpini. Ila nikikumbuka lile "kijana" na simu iliyokatwa, naondoa moja.