Star Trek msimu wa pili kwenye Blu-ray: kasha zima tumelipima kwa The Doomsday Machine

Anayetaka kujua kama kasha la Blu-ray la msimu wa pili wa Star Trek ile ya kwanza linastahili fedha yake, asianze na diski ya kwanza. Aende moja kwa moja kwenye The Doomsday Machine, sehemu ya 6 ya msimu huo, iliyorushwa na kituo cha televisheni cha Marekani NBC Oktoba 20, 1967. Kazi yote ya kuukarabati mfululizo huu inaonekana hapo kwa mkupuo mmoja: picha za angani ni nyingi kuliko kawaida, muziki ulitungwa maalumu kwa ajili ya sehemu hiyo, na kamera inausogelea uso wa mtu mmoja mara nyingi kiasi kwamba kasoro ya picha haina pa kujificha.

Kabla ya kununua, soma jalada vizuri, kwa sababu matoleo yanafanana na watu wengi huishia kupata wasilolitaka. DVD za 2004 zina picha za angani za miaka ya sitini peke yake. DVD zilizotoka baada ya ukarabati zina picha mpya za kompyuta peke yake. Za zamani hazimo kabisa. Kasha la Blu-ray lililotoka mwaka 2009 ndilo lenye zote mbili, na unaweza kuruka kutoka moja kwenda nyingine huku kipindi kinaendelea. Kama wewe ni mpenzi wa kweli wa mfululizo huu, sifa hiyo moja inatosha kukufanya uchague Blu-ray.

Ukarabati wenyewe ulifanywa na CBS kati ya 2006 na 2008, chini ya usimamizi wa Michael Okuda, Denise Okuda na David Rossi. Filamu asili ya milimita 35 ilisafishwa na kuingizwa kwenye kompyuta upya, kisha picha za nje za vyombo, sayari na silaha zikatengenezwa upya. Matukio ya waigizaji ni yaleyale. Kwa hiyo hata ukichagua picha za angani za zamani, bado unapata nyuso, mavazi na daraja (chumba cha kuongozea) la chombo cha angani Enterprise katika hali safi ambayo mtazamaji wa 1967 hakuwahi kuiona nyumbani kwake.

Sasa tuingie kwenye sehemu yenyewe. Iliandikwa na Norman Spinrad na kuongozwa na Marc Daniels. Enterprise inakuta mifumo ya jua iliyobaki vifusi, kisha inaikuta Constellation, chombo cha aina yake hiyohiyo, ikielea bila nguvu. Ndani amebaki mtu mmoja tu, Komodoro Matt Decker, anayechezwa na William Windom. Decker aliwashusha mabaharia wake wote, watu wapatao 400, kwenye sayari ya tatu ili wasalimike. Mashine inayokula sayari ikaigeukia sayari hiyohiyo, naye akawa anawasikia wakiomba msaada.

Windom ndiye sababu ya kununua picha safi. Tazama pale anapokuwa amehamishiwa Enterprise na amekikalia kiti cha Kirk, nahodha wa chombo hicho. Mkononi ana vipande viwili vidogo vya plastiki vya rangi, vile vinavyotumika chomboni kuhifadhia kumbukumbu, naye anavigeuza, anavisuguanisha, anavigeuza tena, huku macho yameganda kwenye kioo cha mbele. Kwenye nakala chakavu za zamani ule mchezo wa vidole ulikuwa ukungu tu. Hapa unaona kila kidole, unaona ndevu zisizonyolewa na jasho juu ya mdomo, na unaelewa kuwa huyu mtu amekwisha kabla hajatoa amri hata moja. Hakuna maneno yaliyoandikwa kueleza hali hiyo, vidole vinatosha.

Mjadala usiokwisha kati ya mashabiki unahusu sheria ya uongozi, yaani nani ana haki ya kuiongoza Enterprise Kirk asipokuwepo, na ukiitazama kwa makini utaona mwandishi aliufunga kila mlango kwa zamu. Kirk amekwama Constellation na mawasiliano yamekatika. Decker ana cheo kikubwa kuliko Spock, msaidizi mkuu wa Kirk, hivyo anachukua chombo kihalali. McCoy, daktari wa chombo, anasema mtu huyu hafai kuongoza, lakini hana ripoti ya uchunguzi wa kitabibu ya kuthibitisha, maana hakupata nafasi ya kumpima. Spock anangoja. Pale Decker anapong'ang'ania kushambulia bila matumaini yoyote, Spock anamwambia kuwa kujaribu kujiua ni ushahidi tosha wa kutokuwa na akili timamu, na kwamba asipogeuza chombo atamwondoa kitini kwa msingi huo. Baadaye mawasiliano na Kirk yanaporudi, ndipo amri ya kumng'oa inapotoka. Wanaouliza kwa nini Spock hakumwondoa mapema hawajaisikiliza hoja ya McCoy ikikataliwa. Spock hakuwa mwoga, alikuwa anasubiri hoja ambayo isingepingika.

Tuje kwenye picha za angani, maana hapa ndipo pesa inapokwenda.

Constellation ya 1967 ilikuwa modeli ya plastiki ya kampuni ya AMT, ile ya kuunganisha mwenyewe iliyouzwa madukani, ikaunguzwa na kuharibiwa ili ionekane imepigwa. Enterprise iliyotumika kwa picha kuu ni modeli ya karibu mita 3.4, iliyopo sasa kwenye jumba la makumbusho la Smithsonian. Tofauti ya ukubwa inaonekana: plastiki iliyoyeyuka ya modeli ndogo haivunjiki kama chuma, inapindika kama mshumaa. Namba yake, NCC-1017, ilipatikana kwa kupanga upya tarakimu za stika za NCC-1701 zilizokuja na modeli. Ujanja huo wa dakika chache umewafanya mashabiki wabishane kwa miongo kadhaa kwa nini chombo cha aina moja na Enterprise kina namba ndogo kiasi hicho.

Kuna jambo la pili linaloziumiza picha za zamani, nalo si kosa la waliozitengeneza. Wakati ule, ili chombo, nyota na mwale wa silaha vionekane pamoja, filamu ilirudiwa kupigwa kutoka kipande kimoja hadi kingine kwenye mtambo maalumu. Kila kurudia kuliongeza punje, vumbi na ukungu. Kwa hiyo kwenye Blu-ray, unapotoka kwenye uso wa Decker uliong'aa kwenda kwenye picha ya nje ya zamani, ubora unashuka ghafla. Diski haina hitilafu. Umeangukia kwenye filamu iliyokwisha kurudiwa mara kadhaa.

Toleo jipya linaitibu Constellation vizuri sana. Sahani yake, ile sehemu ya mbele ya duara, imetobolewa kweli, vyuma vimechanika, na vifusi vya sayari vinaelea pande zote hivyo unaelewa ukubwa wa maafa kabla Spock hajasoma vipimo vyake. Mashine yenyewe, ambayo kwa maelezo ya Spinrad ilikuwa soksi ya kupimia upepo ya uwanja wa ndege iliyochovywa kwenye saruji, imebaki na umbo lake la pembe ndefu yenye mdomo wa moto. Hilo ni uamuzi sahihi. Wangeibadilisha wangeua kitu ambacho kila shabiki anakitambua kwa kivuli tu. Walichoongeza ni ngozi yenye mikunjo na uzito. Sasa inapogeuka unahisi ni kitu cha maili nyingi.

Ambapo toleo jipya linateleza ni kwenye Enterprise. Kompyuta za kazi ya televisheni za wakati ule, na muda mfupi uliokuwepo, vimeacha chombo kikiwa laini mno, kama kimepakwa rangi asubuhi hiyo. Modeli kubwa ya zamani ilikuwa na vivuli vya kweli kwa sababu ilipigwa na taa za kweli. Katika picha ambazo Enterprise iko peke yake, rudi kwenye za zamani. Zina uhai zaidi.

Kubadilisha ni kazi ya kitufe kimoja cha rimoti, kile cha kuchagua upande wa kamera, kwa kawaida kimeandikwa Angle. Kama rimoti yako haina kitufe hicho, tafuta kwenye menyu inayotokea juu ya picha wakati diski inacheza. Usibonyeze katikati ya picha ya angani: mashine nyingine hukawia kidogo kabla ya kubadilisha, na utakosa kile unachotaka kulinganisha. Bonyeza waigizaji wanapokuwa wanazungumza, kisha ngoja. Mahali pazuri pa kufanyia zoezi ni mara tatu tu: Constellation inapoonekana mara ya kwanza, Decker anapoondoka na chombo kidogo, na mwisho Constellation inapoingia mdomoni mwa mashine.

Televisheni nayo inaweza kuharibu kila kitu. Mfululizo ulipigwa kwa uwiano wa 4:3, kwa hiyo mistari myeusi kulia na kushoto ni ya haki. Ukivuta picha ijaze kioo, Kirk ananenepa; ukikuza, vichwa vinakatwa. Zima mpangilio wa kulainisha mwendo, maana unaifanya filamu ya fremu 24 kwa sekunde ionekane kama taarifa ya habari. Zima pia mpangilio wa kuondoa chenga. Zile punje ndogo zinazochemka kwenye ukuta wa kijivu wa daraja si chenga, ni filamu yenyewe, na televisheni ikizifuta inazifuta pamoja na ndevu za Decker. Punguza ukali wa picha hadi chini kabisa au karibu na hapo. Ukiuacha juu, kila bega litazungukwa na mstari mweupe.

Sauti ziko mbili kwa Kiingereza: mchanganyiko mpya wa DTS-HD wa 7.1, yaani wa spika nane kuzunguka chumba, na ile ya awali ya mono, yaani ya mkondo mmoja. Ule mpya unazungusha mngurumo wa vyombo nyuma ya kichwa chako, na kwa sehemu nyingine za msimu unafurahisha. Kwa hii, chagua mono. Sol Kaplan aliitungia mashine mapigo mazito ya vyombo vya shaba yanayokaribia na kuongeza kasi kadiri hatari inavyosogea, na katika mono mapigo hayo yanatoka mahali pamoja na mazungumzo, yakiyabana. Kwenye 7.1 yanasambaa chumbani na kupoteza ule mkazo. Kama resiva yako inatanua mono yenyewe bila kuulizwa, itafutie mpangilio wa stereo au sauti ya moja kwa moja, vinginevyo mazungumzo yatasikika kama yamo ndani ya pipa.

Dakika za mwisho zinastahili kusifiwa kwa hesabu zake. Ganda la mashine ni neutroniamu, silaha haziliingii, kwa hiyo njia pekee ni kooni. Decker anaingia na chombo kidogo na kufa, na kinachopatikana ni kushuka kidogo sana kwa nguvu za mashine. Kipimo hicho kidogo ndicho kinachompa Kirk wazo: kikubwa zaidi kifanye kazi hiyohiyo. Injini za Constellation zikilipuliwa zitatoa mlipuko wa megatoni 97.835. Fundi mkuu Scott anamwekea swichi yenye kuchelewa sekunde 30, kisha mtambo wa kuhamisha watu unaharibika Kirk akiwa bado huko. Kila hatua inazaliwa na iliyotangulia, na hakuna uokoaji unaodondoka kutoka mbinguni. Haishangazi kuwa sehemu hii iliteuliwa kuwania tuzo ya Hugo, ya hadithi za kisayansi, mwaka 1968, katika orodha ambayo wateule wote watano walikuwa sehemu za Star Trek.

Wanaomtafuta Uhura au Chekov, wahusika wengine wa kawaida wa mfululizo, wasihangaike, hawamo. Kwenye mawasiliano yupo Luteni Palmer.

Kasha zima lina sehemu 26 katika diski 7. Nyongeza zimo na baadhi ni nzuri, hasa zile zinazoihusu sehemu ya tribble, vile vinyama vya manyoya. Kagua herufi ya eneo la dunia ambalo diski imetengenezewa, nyuma ya jalada, iendane na mashine yako, na ukinunua kilichotumika, toa kila diski uitazame chini ya taa: zimepangwa kwa kubanana, na mtu aliyezivuta kwa nguvu huacha michirizi ya duara. Anza na diski yenye The Doomsday Machine, ruka moja kwa moja hadi Constellation inapoingia mdomoni, halafu bonyeza kitufe cha Angle. Ikikwama hapo, irudishe siku hiyohiyo.