Kadi 48 za Mandala Zilizochorwa Kinondoni: Pale Mchoro Ulipotangulia Neno

Kwa wiki sita sasa kisanduku kidogo cha kadi za mandala, yaani kadi za kutia moyo zenye michoro ya duara, kimekaa juu ya meza yangu ya kusahihishia madaftari, na kila asubuhi kabla sijatoka kwenda shuleni Temeke, hapa Dar es Salaam, nimekuwa nikichukua kadi moja, nikiitazama hadi chai ipoe, kisha nikiigeuza kusoma maneno yaliyo nyuma yake. Ni kadi 48 za mraba, kila upande una milimita 90, zilizochorwa kwa mkono na binti mmoja wa Kinondoni na kuchapwa Kariakoo. Bei yake ni shilingi 35,000. Juu ya kisanduku hakuna jina lolote, kuna duara moja jeusi tu, na mchoraji anaziuza mwenyewe.

Baada ya kuzitumia kwa wiki ya kwanza nilimtafuta, akanikaribisha mara mbili kwenye chumba anachofanyia kazi na kunionyesha madaftari yake. Nashukuru kwamba alifanya hivyo, kwa sababu namna kadi hizi zilivyotengenezwa ndiyo inayoeleza kwa nini nyingi kati yake ni nzuri kiasi cha kumfanya mtu anyamaze, na kwa nini chache zimebaki nyuma.

Nianze na neno lenyewe. Mandala ni neno la Kisanskriti, na maana yake ni duara. Kwa Wahindu na Wabuddha ni mchoro wa ibada na tafakuri, unaojengwa kutoka kitovu kwenda nje; watawa wa Tibet huutengeneza kwa mchanga wa rangi kwa siku kadhaa, na ukishakamilika huufagia. Carl Gustav Jung, tabibu wa nafsi kutoka Uswisi, alikuwa akichora duara dogo kwenye daftari lake kila asubuhi katika miaka ya 1918 na 1919, akiamini kwamba linamwonyesha hali ya moyo wake ya siku ile. Kadi za kutia moyo zenye mandala, ambazo leo zinauzwa nchi nyingi, zimechota kwenye visima hivi vyote viwili.

Mwalimu mwenzangu alipoziona ofisini aliniuliza kwa sauti ya chini kama hizi si kadi za kupigia ramli. Swali lake ni la haki katika mji ambao watu wake wanaijali dini yao, na jibu limo katika umbo la kadi zenyewe. Picha iko upande mmoja, maneno yako upande wa pili. Ukizitandaza mezani unaona michoro yote, unachagua ile inayovuta jicho lako, halafu ndipo unageuza. Hakuna kilichofichwa wala kinachobashiriwa. Mchoraji aliniambia pia kwamba tangu mwanzo aliamua kutochora miungu wala herufi za Kisanskriti, kwa kuwa si za ibada yake na hakutaka kuzichezea. Alichukua muundo wa duara na kuujaza vitu alivyokua akiviona: kawa, ungo, mkeka, kofia ya viua, hina kwenye kiganja cha bibi harusi, na waridi zilizochongwa kwenye milango ya Unguja.

Kazi huanza kwa penseli na bikari. Anachora duara lenye kipenyo cha sentimita 20, kisha anaacha bikari katika upana ule ule wa nusukipenyo na kuitembeza kwenye mzingo, nayo hupiga hatua sita kamili hadi kurudi ilipoanzia. Mimi nimefundisha hisabati kwa miaka mingi na bado jambo hili hunifurahisha kila ninapoliona likifanyika. Nafasi kati ya zile alama sita akizigawa katikati anapata 12, yaani vipande vya nyuzi 30 kila kimoja, na baada ya hapo anachora miduara ya ndani inayomwonyesha kila mzunguko wa nakshi uishie wapi. Mistari hii yote itafutwa mwishoni, lakini bila hiyo petali ya mwisho haikutani na ya kwanza.

Hapo ndipo alipofikia njia panda ambayo naiona kuwa kiini cha kazi nzima. Mwanzoni alifanya kama wafanyavyo wengi wenye kompyuta: alichora kipande kimoja, akakiingiza kwenye programu, na programu ikakizungusha mara 12. Kazi ya siku mbili ikaisha kwa dakika chache. Alikwisha tengeneza kadi tisa kwa njia hiyo kabla hajaziacha zote.

Aliniwekea mezani nakala mbili za ua lile lile, moja ya programu na moja ya mkono. Ile ya programu haina kasoro hata moja, na ukishaona petali moja umeziona zote. Jicho halina sababu ya kuendelea. Ile ya mkono niliizunguka polepole. Petali ya nne imenenepa kidogo. Ya tisa ncha yake imeelemea kushoto, kwa sababu hapo ndipo alipogeuza karatasi ili mkono ufike vizuri. Kuna mahali wino umekolea, kalamu ilipotulia akiwa anafikiri. Nilipomwuliza kwa nini aliamua kurudi kwenye njia ndefu, alijibu, “Mwalimu, ile ya kompyuta nilikuwa naitazama mara moja naiweka. Nikasema, kama mimi niliyeichora siwezi kuikalia dakika mbili, nitamwuzia nani?”

Tangu siku ile kila petali imechorwa moja moja. Imemchukua karibu mwaka na nusu, akiwa na kazi nyingine ya kumlisha, na madaftari yake yana michoro zaidi ya 100 ambayo haikuingia.

Kadi ninayoipenda kuliko zote ni ya kawa. Wasomaji waliokulia pwani hawahitaji kuelezwa, lakini kwa wengine, kawa ni kile kifuniko cha chakula kilichosukwa kwa ukili, cha duara, kilichochongoka katikati. Mchoraji amekitazama kutoka juu. Kitovu kimebana, giza tupu, mistari imelaliana kiasi kwamba huwezi kuihesabu. Kisha ukili unafunguka mzunguko kwa mzunguko, zambarau ikipokezana na rangi ya majani makavu, hadi ukingoni ambako ncha za miwaa zimeachwa bila kukatwa. Nyuma yake pameandikwa: “Kilichofunikwa hakijapotea.” Nilikuwa na mwanafunzi ambaye kwa muhula mzima hakunyoosha mkono darasani, na asubuhi niliyoichukua kadi hii nilimfikiria yeye njia nzima hadi Temeke.

Maneno haya hayakuandikwa kwanza. Aliuchora ule mchoro, akauweka ukutani kwa wiki kadhaa, na sentensi ikaja yenyewe siku moja akiwa anaandaa meza ya chakula. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa kadi ya ungo, ambayo ina vitone vizito katikati na vyepesi vinavyotawanyika pembeni, na nyuma inasema: “Pepeta bila haraka, punje haikimbii.” Kadi nyingine ilizaliwa kwa kosa. Kalamu iliteleza kwenye petali ya saba na kuacha kona isiyotakiwa. Badala ya kuitupa karatasi, aliipinda kona ile ile kwenye petali zilizobaki, akarudi na kuiongeza kwenye zile sita za mwanzo, na leo ungedhani ilikusudiwa. Nyuma yake kuna maneno matatu tu: “Kilichopinda kimepata wenzake.”

Ufupi huu aliusomea kwenye kanga. Kila kanga ina pindo, mji na jina, na kwa siku kadhaa alizunguka maduka ya Mtaa wa Uhuru akisoma majina na kuyanakili, si kwa ajili ya kuyatumia bali kujua sentensi inayobeba mengi huwa na maneno mangapi na inaishia wapi. Kwenye kanga, hata hivyo, jina na nakshi mara nyingi kila kimoja kina njia yake. Yeye alitaka neno litoke kwenye mchoro kama mvuke utokavyo kwenye chungu, na pale alipoweza, kadi zake zina nguvu ambayo sijaiona kwenye kadi za kutia moyo zinazoletwa kutoka nje.

Si zote, na hili lazima niliseme wazi kwa sababu mnunuzi atalikuta. Zipo kadi kama ile yenye nyota, ambayo nyuma inasema “Amini ndoto zako,” na ile ya njia inayoelekea jua, yenye “Wewe unaweza.” Michoro yake ni safi lakini haikualiki ndani, na maneno yake tumeyasoma kwenye madaftari ya dukani na nyuma ya daladala. Siku moja nilizigawa kadi zote katika mafungu mawili kwa hisia yangu tu, fungu la kadi 31 zilizonigusa na fungu la kadi 17 zisizonigusa, nikaenda nazo Kinondoni. Alizipitia moja moja bila kusema kitu. Alihamisha kadi tatu. Kisha akanieleza kwamba fungu langu dogo, ukiondoa hizo tatu, lilikuwa la kadi alizotengeneza miezi ya mwisho, fedha ya uchapaji ikiwa tayari na muda umembana, alipoketi na kuandika orodha ya maneno mazuri halafu akayatafutia picha. Hakujitetea, nami nilimheshimu zaidi kwa hilo.

Kwenye uchapaji kuna mambo ambayo mtu anayefikiria kutengeneza kadi zake atafaidika kuyajua. Umbo la mraba lilichaguliwa kwa sababu duara hukaa humo kwa raha kuliko kwenye kadi ndefu. Sampuli ya kwanza ilikuwa ndefu, maneno yakiwa chini ya picha, na aliowapa waliyasoma maneno na kuirudisha kadi bila kuutazama mchoro. Ndipo maneno yalipohamia nyuma. Mpango wake ulikuwa kadi 52, moja kwa kila wiki ya mwaka. Lakini kadi ya milimita 90, ikiongezwa milimita tatu kila upande ili kisu kikiyumba kisile picha, hukaa 12 kwenye karatasi moja ya mashine yenye milimita 320 kwa 450. Karatasi nne zinatoa 48. Kwa ajili ya kadi nne angelazimika kulipia karatasi ya tano kwa kila seti, na bei ingepanda. Aliziacha.

Fundi wa mashine, ambaye amezoea kadi za harusi, alimshauri atie dhahabu inayong’aa pembeni. Alikataa kwa adabu. Tatizo kubwa zaidi lilikuwa unene wa mistari. Mchoro wa sentimita 20 ukipunguzwa hadi milimita 78, mstari wa milimita 0.3 hubaki na takriban 0.12, na kwenye sampuli mistari hiyo ilikatikakatika kama uzi uliooza. Ilimbidi achore upya michoro 14 kwa kalamu ya 0.5. Buluu yake nayo ilitoka zambarau, kama inavyotokea mara nyingi rangi ya kioo cha kompyuta inapokutana na wino, na alirudi Kariakoo mara tatu hadi ilipokaa sawa.

Karatasi ni ile ngumu na laini iitwayo “art card”, ya gramu 300 kwa mita ya mraba, imefunikwa kwa plastiki isiyong’aa upande wa picha peke yake. Upande wa maneno umeachwa wazi ili mtu aweze kuandika tarehe au jambo lake kwa penseli, wazo ambalo nimelitumia na kulipenda. Lakini kwa joto na unyevunyevu wa Dar es Salaam karatasi iliyozibwa upande mmoja hupinda, na kufikia wiki ya tatu kadi zangu zilikuwa zimeanza kujikunja kama majani ya mgomba juani. Nazibana sasa chini ya kamusi kila usiku. Kisanduku pia kinabana mno. Kutoa kadi ya kwanza kunahitaji kucha. Kijikaratasi cha maelezo kinatosha na kimeandikwa kwa Kiswahili kizuri.

Je, ningezinunua tena? Ndiyo, na nimekwisha nunua seti ya pili kwa ajili ya dada yangu, ambaye hatoki sana tangu augue na ambaye ana jicho la kushona. Anayetafuta maneno ya haraka ya kumwamsha asubuhi ataona shilingi 35,000 ni nyingi. Anayependa kutazama kitu hadi kimwonyeshe jambo atapata humu kadi zaidi ya 30 za kukaa nazo.

Mchoraji anaandaa toleo la pili. Ameniambia plastiki itawekwa pande zote mbili, ile inayokubali penseli, na kwamba zile kadi alizoziona dhaifu anazichora upya kuanzia kitovu. Nilimwomba anionyeshe pia zile nne zilizoachwa. Moja ni ya mvua ya vuli ikianguka kwenye bati, imetazamwa kutoka chini, mistari myembamba ikikimbia pande zote kutoka tundu moja dogo la msumari. Iko ukutani kwake bado, na nyuma haijaandikwa kitu.