Uzi wa kufumia kwa bei nafuu: sweta la mtumba limenifaa kuliko bonge jipya

Ukifuma kwa ajili ya kuuza, uzi ndio unaokula faida. Mimi nafuma shali za watoto wachanga, kofia na visweta, kwa krosheti na kwa sindano mbili, hapa Dar es Salaam. Nimenunua uzi karibu kila mahali unapouzwa mjini hapa, na siku hizi sehemu kubwa ya uzi wangu inatoka kwenye masweta ya mitumba.

Wengi tunaanzia Kariakoo, na sina ugomvi na Kariakoo. Rangi ziko za kila aina, na bonge la akriliki (uzi wa sintetiki, si sufu wala pamba) la gramu 100 nimekuwa nikilipata kwa Sh 4,500 hadi Sh 6,000, kutegemea duka na kama nachukua pakiti nzima. Ila msilinganishe bonge kwa bonge. Lipo la Sh 3,000 linaloonekana nono kabisa, ukisoma lebo unakuta gramu 50. Soma gramu, kisha soma mita, na kwa nyuzi za unene mmoja piga hesabu ya mita kwa shilingi. Uzi mnene unamaliza shali upesi, lakini unakula gramu nyingi zaidi kwa eneo lile lile.

Sasa mitumba. Masweta mazito hayana wateja wengi Dar, joto hili tunalijua wote. Mengi yanasubiri wanaoyapeleka Mbeya, Njombe na Arusha. Kwa hiyo pale Mchikichini, soko ambalo wengi tunaliita Karume, sweta kubwa la kiume nalipata kwa Sh 3,000 au 4,000, na lenye kasoro kwa chini ya hapo. Sweta kama hilo likifumuliwa linatoa gramu 400 na zaidi. Uzi wa kiasi hicho dukani si chini ya Sh 18,000.

Muuzaji mmoja aliwahi kunizuia: "Dada, hilo lina tundu kwenye kiwiko, chukua lingine." Nikamwambia, "Hilo hilo kaka, nipunguzie tu." Tundu la kiwiko halina shida, linakata uzi sehemu mbili tatu na unaunga. Kinachoharibu ni mshono. Geuza sweta ndani nje, uangalie ubavuni na begani. Ukiona kingo za vipande ni nzima na zimeunganishwa kwa mshono wa mnyororo, chukua. Ukiona ovaloki, yaani kitambaa kilikatwa kwa mkasi kisha kingo zikazungushiwa nyuzi nyembamba, liache hata kama linauzwa Sh 500. Hilo ukilifumua kila mstari unatoka kipande kifupi peke yake, na hakuna wa kuunga vipande vyote hivyo.

Angalia pia kama sufu imeganda. Sweta la sufu lililofuliwa kwa maji ya moto linashikana likawa kama blanketi zito, vitanzi havionekani tena, na halifumuki. Yale yenye manyoya marefu nayaacha vilevile, maana uzi wake unang'ang'aniana.

Lebo ikiwa imekatwa, nachomoa kipande cha uzi kwenye mshono nakichoma nyumbani kabla ya kuamua kitafuma nini. Sufu inanuka kama nywele zilizoungua na majivu yake yanasagika kidoleni. Pamba inanuka kama karatasi. Akriliki inayeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Kwa mtoto mchanga natumia akriliki laini au pamba, kwa sababu sufu nyingi za mitumba zinawasha.

Kufumua kuna mpangilio wake. Tenganisha kwanza mikono, mbele na mgongo kwa kukata uzi wa mshono, wala usiguse kitambaa chenyewe. Halafu anza juu, shingoni au begani, kwa kuwa masweta mengi yalianza kufumwa kutoka chini. Ukianzia chini utavuta hadi uchoke. Uzi unatoka umejikunja kama nywele zilizosukwa, nao hauwezi kufuma kitu kilichonyooka. Nauzungushia mgongo wa kiti, naufunga sehemu nne, naulowesha kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, nausuuza, kisha nautundika kivulini na chupa ya maji ikining'inia kwa chini ili iuvute. Ukikauka umenyooka.

Ipo njia nyingine isiyosemwa sana: mafundi wa masweta ya shule. Wanafuma kwa mashine na uzi wao uko kwenye koni, nao mara nyingi wanabaki na mabaki wanayokubali kukupimia kwa kilo. Uzi wa koni ni mwembamba, kwa hiyo mimi nashika nyuzi tatu au nne kwa pamoja. Rangi ndizo zile zile, damu ya mzee, kijani, bluu iliyokoza, lakini kwa kofia na skafu zinapendeza sana.

Uzi wa mtandaoni siupendekezi kwa mtu mwenye haraka. Nililetewa rangi tofauti na ya kwenye picha, na gharama ya bodaboda ikameza nafuu yote.

Bado nanunua mpya kwa kazi mbili. Vitambaa vya makochi vinataka uzi mwembamba wenye mng'aro, na huo kwenye masweta haupo. Na mteja akiagiza seti ya shali, kofia na soksi za rangi moja, naenda dukani na kuchukua uzi wote kwa mpigo, nikihakikisha namba ya loti kwenye lebo, yaani ya mkupuo mmoja wa kutiwa rangi, ni moja kwa mabonge yote. Ukipungukiwa katikati ukarudi ukakuta namba nyingine, mstari wa tofauti utaonekana juani hata kama kwenye taa za dukani rangi zilifanana.