Tathmini: Mahakama ya madai ya askari wa zamani wa Marekani, kwa kufuata njia ya jaji mmoja

Watu wa kwetu waliotumikia Jeshi la Marekani, na wengine wao walikula kiapo wakiwa bado na kadi ya kijani, huniletea barua zao za fidia tuzisome pamoja, na swali wanalolirudia kuliko yote ni hili: Bodi ya Rufaa, yaani chombo cha Idara ya Masuala ya Askari wa Zamani kinachopitia madai yaliyokataliwa, ikishakataa, huko juu kuna nani? Aliyeko juu ni Mahakama ya Rufaa ya Marekani ya Madai ya Askari wa Zamani, iliyoko 625 Indiana Avenue, Washington, katika jengo la ofisi lisilokuwa mbali na kumbukumbu ya Jeshi la Majini. Nimeifuatilia mahakama hii kwa miaka kadhaa kwa kusoma hukumu zake na kutazama mashauri yake yanayorushwa mtandaoni, na leo naitathmini kama huduma, kwa kuwa kwa mtu mwenye jalada kwapani ndivyo ilivyo. Njia niliyoona inafaa ni kufuata safari ya kazi ya jaji mmoja, Margaret Bartley, kwa sababu safari hiyo inaonyesha vizuri mahakama hii imetokana na nini na inatafuta nini kwa watu wake.

Kabla ya 1988 askari aliyenyimwa fidia ya ulemavu hakuwa na mahakama ya kumkimbilia, maana neno la serikali ndilo lililokuwa la mwisho. Hata wakili hakumpata kwa urahisi, kwa kuwa sheria ya 1864, ya wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, ilimkataza wakili kutoza zaidi ya dola 10 kwa dai moja, na mwaka 1985 Mahakama ya Juu ilikuwa bado inaukubali ukomo huo. Sheria iliyofungua mlango ilitiwa saini na Rais Reagan tarehe 18 Novemba 1988. Miongoni mwa walioiandaa katika Seneti alikuwa Jonathan Steinberg, mwanasheria mkuu wa kamati ya masuala ya askari wa zamani, na mwaka 1990 mtu huyohuyo akawa mmoja wa majaji wa kwanza wa mahakama aliyosaidia kuizaa. Bartley, baada ya kuhitimu sheria, alianza kazi akiwa karani wa kisheria katika ofisi ya Steinberg. Karani wa namna hii ndiye anayesoma jalada lote kabla ya jaji, akiweka alama mahali ushahidi ulipo na mahali Bodi ilipopita bila kuuona.

Kutoka hapo hakwenda kutafuta mshahara mnono. Alijiunga na shirika la kutetea haki za askari wa zamani, akawa anasimamia rufaa zao, anahariri jarida la sheria hizo, na anawafundisha mawakili wa kujitolea. Rais Obama alimteua, akaingia kwenye kiti cha ujaji mwaka 2012 kwa muhula wa miaka 15, na mwishoni mwa 2019 akawa Jaji Mkuu wa mahakama hiyo, miezi michache tu kabla ya korona kufunga ofisi za Washington. Nalipa uzito jambo hili. Jaji aliyewahi kukaa upande wa pili wa meza na mjane asiyejua fomu ipi imepotea, hukisoma kimya kilichomo ndani ya jalada tofauti na mtu aliyelipokea kutoka juu tu. Wenzake walifika kwa njia nyingine: Coral Wong Pietsch alikuwa jenerali wa jeshi la nchi kavu katika kikosi cha wanasheria, na Robert Davis na Michael Allen walikuwa maprofesa wa sheria. Mchanganyiko huo ni mzuri, ila nikiulizwa ninayemtamani asome jalada la jirani yangu, nitamtaja aliyewahi kulibeba jalada kama hilo mwenyewe.

Kazi yenyewe haina fahari ya sinema. Hakuna shahidi anayeapishwa wala ushahidi mpya unaopokelewa; jaji ana karatasi zilezile zilizokuwa mbele ya Bodi, na mara nyingi ni maelfu ya kurasa. Rufaa nyingi zinazofika kwenye meza ya jaji huamuliwa na jaji mmoja peke yake, na zile zenye swali jipya la sheria hupelekwa kwenye jopo la majaji watatu. Tuchukue barua ya mke aliyeandika kwa mkono kwamba tangu mumewe arudi vitani huamka usiku akipiga kelele na kuangalia kama milango imefungwa. Bodi ikisema haimwamini kwa sababu tu hakuna cheti cha daktari cha wakati ule wa utumishi, jaji ana jibu tayari, kwani tangu 2006 mahakama ya ngazi ya juu yake ilikwisha kusema kwamba kukosekana kwa cheti pekee hakutoshi kuyatupa maneno ya mtu. Bodi inatakiwa kisheria kueleza sababu zake, na jaji hushikilia hapohapo: sababu iko ukurasa gani? Katika shauri moja nililolitazama, jaji alimwuliza wakili wa serikali swali hilo mara tatu, kwa sauti ileile ya upole, hadi wakili akakiri kwamba ukurasa huo haupo.

Nguzo ya kazi hii iliwekwa mapema sana, katika hukumu ya Gilbert ya 1990, kwamba mizani ya ushahidi ikilingana, askari ndiye anayepewa. Hapa ndipo pana doa la hivi karibuni, wala si la majaji hawa kulitengeneza. Machi 2025 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Bufkin, iliamua kwamba mahakama hii isiupime upya ushahidi huo, bali iingilie pale tu Bodi ilipokosea waziwazi. Majaji wawili wa Mahakama ya Juu walipinga, nami nakubaliana nao, kwa kuwa naona bunge lilitaka jicho la pili la kweli.

Kasoro inayowaumiza wengi ni ya zamani zaidi. Kushinda hapa mara nyingi si kulipwa, ni jalada kurudishwa kwa Bodi lisikilizwe upya, na kesi nyingine hurudishwa kwa makubaliano ya mawakili wa pande zote kabla hata jaji hajazigusa. Askari wenyewe huuita mzunguko huo gurudumu la panya. Mzee wa miaka 75 hana muda wa mizunguko, na ningependa majaji waamuru malipo mara nyingi zaidi pale ushahidi wote unapoelekea upande mmoja.

Upande wa gharama na njia ya kuingilia, sina budi kuisifu. Ada ni dola 50, na asiye na uwezo husamehewa. Mdai tu, awe askari au mjane wake, ndiye anayeweza kukata rufaa hapa, serikali haiwezi. Na akishinda akiwa na wakili, mara nyingi serikali ndiyo inayomlipa wakili huyo. Kuna pia mpango wa mawakili wa kujitolea kwa wasio na wakili.

Jambo linaloangusha watu ni muda. Mzee mmoja aliniambia kwamba ofisi moja ya ushauri ilimhakikishia ana mwaka mzima, kumbe mwaka huo ni wa hatua za chini, na hapa ni siku 120 tu. David Henderson, askari wa vita vya Korea aliyeugua skizofrenia, alichelewa siku 15 na rufaa yake ikatupwa. Mahakama ya Juu ilipokuja kusema Machi 2011 kwamba muda huo si ukuta usioweza kusogezwa, yeye alikuwa amekwisha kufariki na mkewe ndiye aliyesimama badala yake. Tangu hapo anayechelewa kwa sababu nzito husikilizwa, lakini sababu ni lazima aithibitishe.

Naipa nyota nne kati ya tano. Mwenye barua ya Bodi aitazame tarehe iliyo ukurasa wa kwanza, ahesabu siku 120 kuanzia hapo, na taarifa ya rufaa aipeleke moja kwa moja kwa karani wa mahakama, Indiana Avenue, wala si kwa Bodi iliyomnyima.