Kliniki ya kupima ini hapa Malindi: nendeni kabla ya kuvunja jungu

Nawapa nyota nne, ya tano nimeizuia na sababu ntaisema huko chini.

Mie dereva wa tuktuk, nimekunywa miaka 14, mnazi mchana mangweni na bia usiku, na siku zote najiambia mnazi si pombe ya kutisha, ni kitu cha mti, tena wasafisha figo manake si unaona mtu anavyokwenda haja ndogo kila saa. Mwaka jana tulivunja jungu haswa, kesho yake nikaacha ghafla kwa ajili ya mfungo. Siku ya pili jasho, mikono yatetemeka, usingizi hakuna, alasiri nikaanguka na degedege mlangoni kwetu. Watu wakasema jini, nikasomewa. Hakuna aliyefikiria pombe kwa sababu sikuwa nimeigusa, kumbe kutoigusa ndiko kulikoniangusha.

Basi mwaka huu, mwezi wa Shaabani, dada yangu akanishika mkono mpaka kliniki. Daktari ni mama wa makamo, nikamwamkia shikamoo, akaitikia, swali la kwanza akaniuliza nakunywa kiasi gani kwa siku. Nikasema kidogo. Akaweka kalamu chini. "Mwanangu, ukinipunguzia chupa na mie ntakupunguzia dawa, utaumia wewe." Nikamwambia yote, hata ile ya kuzimua asubuhi kabla sijawasha tuktuk.

Hapo ndipo akanieleza lile degedege. Pombe hutuliza ubongo, sasa ubongo ukizoea kutulizwa kila siku nao hujikaza kwa upande wake ili uende sawa, ukiiondoa pombe ghafla ule mkazo wabaki peke yake, ndio kutetemeka, presha kupanda, degedege, na wengine huona vitu visivyokuwepo na wengine hufa kabisa. Siku mbili tatu za kwanza ndio za hatari. Kwa hiyo mtu anayeamka akitetemeka asiache peke yake nyumbani. Walinipangia siku tano, kila asubuhi naenda napimwa presha, napewa dawa ya kutuliza ambayo kipimo chake chapungua kila siku, na sindano ya vitamini B1 kwa sababu wanywaji wengi huishiwa nayo na ikikosekana ubongo na mishipa ya fahamu vyaumia. Nilikuwa na ganzi ya nyayo mwaka mzima nikidhani ni sababu ya kukaa sana kwenye tuktuk. Hii huduma ya siku tano ndiyo nyota zote nne, wallahi.

Damu ikaonyesha AST iko juu zaidi ya mara mbili ya ALT, hivyo ni vimeng'enya vya ini ambavyo huvuja kwenye damu ini likiumia, akasema mpangilio huo mara nyingi waelekea kwenye pombe, na picha ya tumbo ikaonyesha ini lina mafuta. Mbona sikusikia maumivu? Akasema nyama ya ini yenyewe haisikii uchungu, yaweza kuharibika miaka mingi na wewe wala haujui, mpaka macho yageuke manjano au tumbo lijae maji.

Nikamuuliza kuhusu figo. Akasema pombe yazuia ile homoni inayoziambia figo zibakishe maji, kwa hiyo ule mkojo mwingi ni maji yako unayopoteza, hakuna kinachosafishwa. Na mnazi nao sukari yake ikichacha yawa pombe ile ile ya kwenye bia, ndio maana ukiteremshwa asubuhi ni mtamu na jioni wauma. Pombe hiyo, kwenye orodha ya shirika la utafiti wa saratani la WHO, iko kundi moja na sigara la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani, tangu 1988.

Kilichonigusa zaidi kama dereva ni hesabu ya masaa. Chupa moja ya bia ya nusu lita ini lataka masaa mawili hadi matatu kuimaliza. Mie nilikuwa namaliza sita saa sita usiku, saa kumi na mbili asubuhi nabeba watoto wa shule. Yaani nilikuwa nawabeba nikiwa bado na pombe kwenye damu. Kahawa haiharakishi, kuoga hakuharakishi, madafu yakurudishia maji tu. Na zile Panadol zangu za asubuhi akanikataza, kwa mnywaji wa kila siku zaweza kuliumiza ini zaidi.

Sasa nyota ya tano. Kijana wa mapokezi aliita mbele ya benchi zima "nani wa mambo ya pombe?" Jamani, Malindi tunajuana, kuna mama alikuwa ameketi pale na mumewe wakainuka wakaondoka, na pengine hawatarudi tena. Hilo limeniuma kuliko bei. Karatasi ya majibu nayo yote Kiingereza, na picha yalipwa kando bila kuambiwa mapema, nilikwenda na 3,000 haikutosha.

Nimefunga mwezi mzima. Mfungo mosi nikarudi, presha kutoka 158/98 imekuwa 132/84, vipimo vya ini vimeshuka ingawa havijafika kawaida. Daktari kasema mafuta ya ini huondoka mtu akiacha, makovu yakishaenea ndio kazi. Narudi tena baada ya miezi mitatu.

Mkienda fikeni saa mbili asubuhi kabla foleni haijajaa, pesa ya picha muibebe kando, na mwambieni yule mama idadi ya kweli.