Muuza bitabu wa karibu na Posta, Lubumbashi: bei muzuri, lakini hesabu makaratasi mbele ya kulipa

Siku ya posho nilipita kwa ule muzee mwenye kutandika bitabu bya okazioni kando ya barabara, katikati ya muji. Nilikuwa natafuta Les Fleurs du mal, kitabu ya mashairi ya Mufaransa Baudelaire. Akainama, akaitosha chini ya rundo ya bitabu bya hesabu, jalada muzima, kamba ya kushonea haijaachia, akataja franga 15 000 tukapatana 8 000, na kadaftari kadogo ka matabishi juu. Mpaka pale ilikuwa nyota 5.

Kufika ku nyumba njo nikaona. Mwisho wa kitabu, pale banawekaka yale mashairi 6 yenye tribinali ya Paris ilikataza, makaratasi yamekatwa na wembe, safi kabisa, mwenye kukata hakukuwa na haraka. Pa moja wembe uliteleza ukaacha mwanzo wa mistari: L, E, D, Q. Ni « Les Bijoux » ile, nilijua juu orodha ya mwisho alisahau kuikata, majina yote 6 yako pale yanakuangalia tu. Pa karatasi ya kwanza kuko muhuri wa lise moja, sitaitaja.

Mwenye hajue ile mambo: 1857 prokirere Pinard alimushitaki kwanza mwandishi Flaubert juu ya roman yake Madame Bovary, akashindwa, mwezi wa munane akarudia na Baudelaire, pale akapata. Faini franka 300 na mashairi 6 yatoke. Yakachapishiwa Bruxelles 1866, na 1949 korti kubwa ya Ufaransa ikafuta ile hukumu. Miaka 92! Lakini walau ile tribinali ilisema ni mashairi gani na ikatia sahihi, njo maana nyuma kulikuwa kitu ya kufuta. Huyu wa wembe hakusaini popote. Na sisi katiba yetu ya 2006, artikle 23, inakuachia useme, uandike, uchore, halafu inaongeza uheshimu sheria, utulivu wa batu na tabia njema, na hii tabia njema kila mutu anaipima na mukono yake.

Lundi nikarudisha kitabu. Muzee hakukana. « Yaya, miye niliipata vile, siko nasoma ndani, niko nauzisha. » Franga alikataa kurudisha, akanibadilishia na kitabu ingine, sawa. Na mwenyewe nikamukuta anafunika na gazeti jalada ya roman moja yenye mwanamuke, juu bamama ba kanisa banapitaka pale asubui. Anacheka, anasema ikifunikwa bei inapanda.

Nyota 3. Nitarudia kwake, iko na bitabu hautapata fasi ingine. Mukuje na franga, dola hana ya kuchenja. Yale mashairi 6 niliyapata mu telefone dakika mbili tu, niko nayaandika na mukono mu kale kadaftari ka matabishi, nimefika pa ya ine.