Nimeipima Pumzi kwa duara la stori, hatua ya saba haipo

Pumzi, muvi fupi ya Kikenya ya Wanuri Kahiu (2009), nimeiangalia tena juzi, safari hii na karatasi mkononi naipima kwa lile duara la stori la Dan Harmon, mwandishi wa vipindi vya TV wa Marekani, la hatua nane, yaani mhusika yuko kwake, kuna kitu anakitaka, anatoka kwenda asikokujua, anahangaika, anakipata, analipia, anarudi, na akirudi keshabadilika. Muvi ni ya dakika kama 21 nikajua hatua kibao zitakuwa zimerukwa, kumbe wapi.

Mwanzo umenimaliza. Miaka 35 imepita tangu Vita vya Maji, watu wamejifungia ndani, wanaendesha mashine za mazoezi ili umeme upatikane, jasho na mkojo vinachujwa vinanywewa tena. Hakuna anayekaa kutuelezea dunia imefikaje hapo, unamwona Asha, mhusika mkuu, anakunywa jasho lake mwenyewe basi ushaelewa kila kitu. Halafu anatumiwa udongo, anaunusa, anaota mti, na wakubwa wanamwambia ameza dawa ya kuzuia ndoto. Roho iliniuma hapo jamani.

Kutoroka anasaidiwa na dada wa usafi, hii sehemu imeenda mbio sana kwangu, bila yule dada hakuna stori na hatujui hata anawaza nini.

Jangwani sasa ndo kwenyewe. Mti aliouota anaukuta mkavu, kwa hiyo hatua ya kukipata inamfikia tupu, inabidi akipande yeye, anachimba, anauweka mche wake uliochipuka kwenye ule udongo, anaumwagia maji yake ya mwisho, anaukamulia na jasho, analala kuukinga jua kwa mwili wake. Ameshalipia hapo. Kurudi je? Harudi. Ukilifuata duara kibubusa utasema skripti ina pengo, mi nakataa kabisa, maana kamera inapanda juu taratibu, mti unachipuka palepale alipolala na kule mbali unaona kijani, na kile kichupa cha mbegu tulichoonyeshwa mwanzoni kabisa kimeandikwa Maitu, ambayo ni mama kwa Kikuyu. Kwa hiyo kubadilika kupo, Asha amekuwa lile neno la kwenye kichupa, sasa arudi wapi tena?

Naipa tisa kwa kumi, hiyo moja nimeikata kwa ajili ya yule dada wa usafi.